Mistari Sita

Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni,
baada ya majedwali ya sumu na bei za kamba,
mzee Arvid Stenqvist aliandika mistari sita.
Chukua. Jenga juu yake. Uza ukiweza.
Ila sema ulikotoa.
Hakuweka muhuri. Aliweka jina lake
na doa la kahawa, ambalo mpiga chapa
alidhani ni pambo, akalichapa nakala elfu nne.

Nami nikalishika neno lile kama lilivyo.
Duluth, Februari, ziwa limeganda hadi mnara wa taa,
meli za chuma zimelala, zamu hakuna,
nikaandika pango:
ngazi tisini na moja, mfalme aliyesahau jina lake,
mlango unaomfungukia anayeomba radhi tu.
Kurasa thelathini na mbili, pini mbili mgongoni.
Nakala mia tatu na kumi zilinunuliwa.
Zililipia gego langu na nusu ya paa.

Na kila aliyenunua pango langu
alirudi dukani kwa Delbert Kovacic
kununua kitabu cha Arvid,
kwani pango halichezeki bila kanuni.
Nani alimtajirisha nani? Hatukuuliza.
Meza ilikuwa na viti sita, kete zikiviringika,
na mleta viazi ndiye akaaye karibu na hita.

Arvid akafa. Kampuni ikauzwa, ikauzwa tena.
Wenye nayo wapya, ghorofani huko Denver,
wakafungua hesabu, wakakuta ghala,
wakakuta chapa, michoro ya mazimwi, madeni.
Sisi hawakutukuta.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na nia njema ya watu
haikuwa na safu yake kwenye daftari lile.

Barua ikaja Jumanne:
kurasa kumi na moja za kufuta mistari sita.
Leteni hesabu za mauzo. Leteni robo.
Haya nayo yaweza kubadilika kwa notisi ya siku thelathini.
"Daima," alisema wakili wao, "si sawa na milele."
Nililitafuna neno hilo wiki nzima.
Lilinitoa damu ufizini.

Junie Maki, miaka kumi na miwili,
mpiga mishale wa meza yetu, akauliza,
"Lile zimwi tuliloliua Alhamisi,
maiti yake ni ya nani?"
Tulicheka, lakini vibaya.

Hakuna aliyeandamana. Kilikuwa kimya kibaya kuliko makelele.
Bi Oksanen, mwalimu mstaafu,
alifunga vitabu vyake kumi na vinne kwa kamba ya jikoni,
akavipeleka posta, akalipa nauli yake mwenyewe,
asidai hata senti.
Ndani aliweka kijikaratasi:
Narudisha. Sikujua kuwa nilikodi.
Delbert naye akayageuza maboksi yote rafuni
yatazame ukuta.

Siku ya kumi na tisa wakasalimu amri.
Mistari sita ikarudi, sasa ina muhuri,
ina sahihi tatu, na neno "isiyotenguka"
kwa wino mzito.

Leseni ilirudi kwa siku moja.
Watu je?
Ziwa hili huganda kwa usiku mitatu,
lakini Mei bado utaona mapande
yakigongana chini ya daraja,
na nahodha mwenye akili hang'oi nanga
kwa tangazo la redio tu.
Delbert ameyageuza maboksi tena, moja moja,
kila mteja alipoulizia.
Limebaki moja. Ukimwonyesha, anasema hajaliona.

Mimi nimeandika pango jipya
juu ya kanuni zetu wenyewe,
tulizozipiga chapa jikoni kwa Bi Oksanen.
Zina makosa. Mishale inaua mno; Junie hataki tuirekebishe.
Ukurasa wa mwisho nimenakili mistari ya Arvid,
yote sita, na jina lake, maana ndiko nilikotoa.
Nilifikiria muhuri.
Kisha nikachukua kikombe changu, kingali kinavuja,
nikakiweka juu ya karatasi.