Kioo Kisichocheza

Luhunga, saa nane za usiku, na ukungu
umeegemea mlango wa boila
kama mtu anayeona haya kuomba kuota moto.
Magogo ya mkaratusi yanalia utomvu.
Geji inasoma bar tisa.
Ghorofani, kwenye vitanda vya kunyaushia,
majani ya chai ya jana yananywea polepole
kwa pumzi ninayoipika mimi.

Wanywaji huiona chai. Mvuke hawauoni,
nao wenyewe hauonekani:
hicho cheupe mdomoni mwa bomba
ni mvuke uliokwisha kata tamaa, umerudia umaji.
Ule wa kweli umo ndani ya chuma, hauna rangi,
na penye ufa wa kucha huimba tu.
Fundi Batromayo alipitisha fagio la chelewa
palipokuwa na mlio na hapakuwa na kitu.
Chelewa zikaruka ukutani.
"Umeona?"
"Sijaona."
"Ndiyo hivyo, Tusekile. Andika."

Niliandika. Kwamba huku juu maji huchemka
kabla hayajafika nyuzi mia;
kwamba kuyafikisha hapo ni kazi ndogo,
ila kuyageuza mvuke hula moto karibu mara saba,
na muda wote huo kipimajoto hakisogei.
Joto fiche, alisema.
Nikamkumbuka mama, mwaka baba alipopunguzwa kazi:
unachochea, unachochea,
uso ni ule ule.

Kisha ule usiku wa Mei.
Kioo cha maji kilisoma nusu,
nusu nzuri, nusu iliyonyooka kama ya kuchorwa,
na mimi nikaacha kutafuna muhogo wangu.
Maji yaliyo hai hutetemeka. Yale yalikuwa yamelala.
Nikafungua koki ya chini: yakamwagika.
Nikafunga, nikasubiri yarudi.
Nikasubiri.

Vitusi Chengula alikwishaifikia swichi ya pampu.
"Maji! Dada, tutie maji!"
Na kila nilichojua tangu utoto kiliitikia ndiyo,
maana moto huzimwa kwa maji, nani asiyejua,
mtoto wa miaka mitatu anajua.
Lakini mabomba yale yalikuwa makavu na mekundu;
tone la baridi lingegeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua,
na sisi tungeokotwa mashambani kwa vikapu vya wachumaji.
Nikampiga mkono. Nilimpiga kweli, pete yake ikaruka.
Feni, zima. Hewa, funga.
Reki ya chuma, na magogo yanayowaka
tukayaburuta hadi sakafuni, moja moja,
soli zikinuka.
Kilichokufa kwa kiu nilikinyima maji
mpaka kiliposahau moto.

Alfajiri tulilala chali kwenye majani mabichi,
nyusi zetu zimebaki nusu.
Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo
na ndege ikapita juu sana, kuelekea kusini,
ikivuta uzi mweupe.
"Hata wale," Vitusi akasema, "wamekalia moto."

Gwamaka, mtoto wa kaka, anayesoma Mbeya,
alinichorea kwa punje za maharage
mezani kwetu Uyole:
hewa inavutwa, inabanwa, inachomwa, inafukuzwa.
"Ni boila lenu, shangazi,
ila halina maji, na ukuta wa nyuma umesahauliwa."
"Linakanyaga wapi?"
"Halikanyagi. Linakwenda kwa kile linachokitupa."
Nikacheka, nikayarudisha maharage chunguni.

Sasa nawaza bomba letu la moshi,
joto lote linalopaa pale bila jina la mtu,
linaupasha ukungu wa Luhunga, basi.
Batromayo alisema hakuna mtambo usiotupa;
anayekuahidi huo, mshikilie mfuko wako.
Ule uzi mweupe wa ndege nao ni maji,
yamekata tamaa kwa uzuri zaidi.

Pete ya Vitusi tuliipata jivuni, imepinda.
Daftari la zamu, kwa mwandiko wangu:
*Njia ya kioo iliziba. Moto umetolewa saa 8:40.
Mabomba yakaguliwe kabla ya kuwasha.
Muhogo umeungua.
Nje, ukungu.*