Zipu Mgongoni

Isevya, saa nne usiku, mvua imegoma.
Mihayo anasugua kichwa cha deki kwa pamba na spiriti,
anaipuliza kanda kama uji wa mtoto,
anaisukuma. Deki inameza, inakoroma.

Hilo hapo zimwi letu, linatoka ziwani
na zipu mgongoni, wazi kama mchana.
Nyamizi anacheka kabla halijageuka,
miaka kumi na tisa anaicheka zipu ile ile.
Mimi bado navuta miguu juu ya kochi.

Chenga. Mihayo anapiga runinga kofi la ubavuni.
Mpelelezi anafungua mdomo;
sauti inafika baadaye,
kama behewa la mwisho la treni ya Mpanda.

Mwisho hatuujui. Baba aliufuta mwaka wa tisini na sita:
zimwi linainua kucha juu ya msichana,
na paa! Harusi ya shangazi Kalunde,
vigelegele, keki, mjomba kalewa wanzuki.

Hapo ndipo tunaponyamaza,
tunasogelea kioo,
tunawahesabu waalikwa.
Yule pale, karibu na sufuria la pilau,
aliyetugeuzia mgongo:
koti lake, Nyamizi anaapa,
lina zipu.