Hodi ya Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hagensborg,
gari jeupe linatetemeka mbele ya kanisa la mbao.
Tuko sita, kila mmoja na buti za kukodi;
zangu ni za mwanamume, zinanimeza hadi magotini.
Safari hii ni zawadi. Miaka kumi ya kufua mashuka ya hospitali,
wakanipa bahasha, kipande cha keki,
na saa tatu za kutafuta dubu.

Solveig, kiongozi wetu, ana kopo la pilipili kiunoni.
Nikacheka peke yangu:
kwetu pilipili humngoja samaki, huku inamngoja dubu.
"Hana shida na nyinyi," alisema,
"ila hapendi kushtuliwa. Basi pigeni makofi. Semeni neno.
Mjulishe kwamba mnakuja."

Tukaingia.

Nilidhani naujua unyevu, mimi mtu wa chumba cha mvuke,
ninayejua kwamba shuka likitoka mashineni
lina uzito wa mtoto aliyelala.
Sikujua kitu.
Hapa kila tawi limeanikiwa nguo zisizokamuliwa:
kuvumwani inaning'inia kama taulo za wodi nzima,
inachuruzika, haina haraka,
na jua hakuna aliyeliahidi.

Tukafika kwenye mwerezi mkubwa. Tukashikana mikono
tuuzunguke. Sita, na bado pakabaki pengo la mtu wa saba.
Wangu wa saba nilimjua.
Shuka kubwa hukunjwa na wawili:
Rozalia ncha mbili, mimi ncha mbili,
tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana,
mpaka mapafu yake yalipokataa mvuke.
Sikusema. Nikafuta mikono kwenye koti.

Bwana Petrakis, mwenye kamera ndefu kama bomba la maji,
alikuwa akimtangazia dubu matokeo ya mpira wa barafu.
Mkewe alipiga makofi kama mtu aliyechelewa harusini.
Zamu yangu ilipofika, ulimi ukaenda wenyewe mlangoni:
Hodi!

Mama alinifunza: kwa watu, hodi ni tatu.
Usipojibiwa, geuka, nenda zako.
Usichungulie dirishani.

Hodi ya kwanza ilijibiwa na matone,
na konokono asiye na nyumba, wa manjano, mwenye madoa
kama ndizi iliyoiva kupita kiasi,
akikatiza njia yetu bila kumwomba mtu radhi.
Tukamsubiri. Dakika nne. Hata kamera ilisubiri.

Ya pili niliitoa kando ya mto.
Samoni walikuwa wanapanda, migongo imechunika,
wanarudi walikozaliwa ili wazae na wafe,
na harufu yao imetanda, haifichi chochote.
"Dubu huwaburuta hadi mizizini," Solveig akasema.
"Miti hii, ukiipima, ndani yake mna samaki."
Na kweli, juu ya kuvumwani, nusu ya samaki, jicho bado bichi.
Kando yake unyayo, wenye kina cha bakuli.
Maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake,
hayajatulia.

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Nikaitoa ya tatu, kwa sauti ya mgonjwa asilale akaamka:
hodi.
Nyuma ya kangaga kitu kikashusha pumzi,
ndefu, kama mtu anayetua mzigo.
Majani yakatikisika, yakaacha.
Solveig akainua mkono. Tukageuka.

Garini Bwana Petrakis alilalamika: pesa yote ile, kwa unyayo!
Mimi nilitazama dirisha likifanya ukungu.
Mwenye nyumba alikuwepo. Hakutaka wageni.
Nalo ni jibu.

Jumatatu, chumba cha mvuke. Nimeshika ncha mbili za shuka,
na kijana mpya, Tomasz, amesimama mlangoni,
hajui aingie au asubiri.
Karibu, nikamwambia, kwa Kiswahili, bila kufikiri.
Akaja. Akashika ncha zisizo zake.