Mvua ya Uwele

Sehemu ya kwanza niliisikilizia Mpunguzi,
kati ya mistari ya mizabibu, redio imening'inia kwenye waya,
wachumaji na visu vyao vidogo na ndoo.
Nilivuta kofia usoni. Hawakunijua.

Mke akasema: "Ewe Chilewa mume wangu,
mbona waingia mlangoni na jembe mkono wa kulia,
shati limechanika begani, uso umejaa huzuni?"
Sechelela akakata kichala, akawauliza wenzake:
"Kwani huyo Chilewa hajioni?"

Wakacheka. Na kicheko kile
kikavuka hadi kwenye kifo cha mtoto,
ukurasa wa saba,
pale nilipolia mwenyewe nikiandika.
Mmoja akajifuta mikono, akabadilisha stesheni.

Nikarudi Chang'ombe na kalamu nyekundu.
Nikamvua Chilewa shati, nikamnyang'anya jembe,
nikaifuta huzuni usoni, maana redioni hana uso.
Nikambakizia kikohozi
na bawaba moja isiyotiwa mafuta.
Mke nikamwachia maneno mawili: "Chakula kimepoa."
Kisha sekunde nne za kimya.
Ndahani, fundi mitambo, akasema nne ni nyingi,
watu watadhani betri zimekwisha.
Waache wadhani, nikamwambia.
Atakayesogeza sikio, huyo ni wetu.

Ikabaki mvua.
Tulijaribu bomba: likasikika bomba.
Tulijaribu mchanga juu ya bati: ukasikika mchanga.
Ndahani akaomba uwele kwa mama yake, nusu debe,
akaumimina kwenye ungo,
punje tatu, punje kumi, halafu mkono mzima,
nasi mle ndani, madirisha yamezibwa kwa magodoro,
tukavuta pumzi kama wanaonusa udongo uliolowa.

Sehemu ya pili nilikwenda nyumbani kwa Sechelela,
kwa kisingizio cha kununua mlenda mkavu.
Chilewa akakohoa. Bawaba. "Chakula kimepoa."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Kisha uwele wetu ukaanza.
Sechelela akainuka, hakusema kitu,
akatoka mbio uani, akabeba ungo wa mlenda,
akazivuta kanga kambani, moja kaing'ata kwa meno,
ndipo akatazama juu.

Mbingu ya Februari, nyeupe kama sahani iliyolambwa.
Mtama wake nyuma ya nyumba umejikunja tangu Januari.

Huu ndio ushindi niliokuwa nikiuomba.
Nilitaka kusema: mama, ni mimi, ile ni kazi yangu.
Akaurudisha ungo juani,
akaupanga mlenda upya, jani kwa jani,
akaniuliza bila kunitazama:
"Hiyo mvua imenyesha wapi?"

Sijaliandika jibu lake.
Ndahani ameurudisha uwele kwa mama yake.
Zile punje zilizoruka sakafuni
tulipiga magoti tukaziokota,
mimi na yeye, kipaza sauti kimezimwa.