Theluji ya Pamba

Tulikata tawi la mvinje nyuma ya jikoni,
tukalisimika kwenye debe la mafuta lililojaa mchanga.
Mesalimu akalizungushia taa za rangi,
mimi nikapasua mto wa chumba namba kumi na nne
nikalitawanyia pamba.
Hiyo ndiyo theluji ya Bamburi.
Saa nne kaskazi ikaja ikaipeperusha
hadi ndani ya supu ya Mjerumani mmoja.
Alicheka, akasema hata kwao huwa hivyo hivyo.

Wageni wamejaa mpaka stoo ya miavuli:
Wazungu wa kila mwaka, wekundu kama kamba wa kuchemshwa,
na safari hii wabara, wengi kuliko vitanda,
walioshuka treni Miritini jua likipinduka
wakauliza, kabla ya funguo, bahari iko wapi.
Nikaonyesha kwa kidevu.
Hawakungoja.
Viatu mkononi, soksi mfukoni,
waliingia na suti za kanisani
na kila mmoja akachota, akaonja,
akatema,
akamwita mwenziwe: ni kweli! ni chumvi tupu!

Ratiba nimeiandika mwenyewe, imebandikwa mlangoni.
Saa tatu, mpira ufukweni, wapishi na wageni
(wapishi hufungwa; ni amri ya meneja).
Saa tano, mbio za kaa. Kaa hawasomi ratiba.
Saa sita, mashindano ya mbuzi.
Hapo mzee mmoja wa Kitui aliacha chai yake,
akaja amekunja mikono ya shati, mate yanamjaa,
tukamwekea mbuzi ya kukunia nazi:
ya mti, meno mbele, haina nyama wala mkia.
Aliitazama. Akatutazama.
Akaikalia, akakuna,
akashinda.

Saa kumi, Baba Krismasi juu ya ngamia.

Baba Krismasi ni mimi, Mwadime,
kilo hamsini na sita pamoja na mto tumboni.
Ngamia ni wa Shee Athmani, anaitwa Bosi,
na Bosi hapendi nyekundu.
Alinizungusha mara mbili kwenye kidimbwi cha kuogelea,
ndevu zimehamia shingoni,
jasho linachuruzika hadi ndani ya buti za mpira,
watoto wanapiga vigelegele, kengele inalia,
nami nasema ho, ho, kama mtu aliyekabwa na mfupa.

Nikigawa biskuti na mipira, msichana wa Kericho,
Cherono, meno mawili hana, akaninong'oneza:
Si wewe uliyetubebea masanduku jana?
Yule ni ndugu yangu, nikasema.
Mbona saa yenu ni moja?
Tulinunua pamoja, Kongowea.
Akafikiri. Akaupokea mpira.
Mwambie ndugu yako asante,
sanduku la mama lilikuwa zito.

Usiku, muziki ulipopoa, nilimkuta bibi wa Nyahururu
ameinama majini peke yake na chupa ya soda.
Nishike mkono, kijana, haya maji yana haraka.
Alikuwa anawabebea bahari waliobaki nyumbani:
dada yake asiyetoka kitandani,
jirani anayebisha kwamba haina ng'ambo.
Alikaza kizibo, akaniuliza:
Na wako wanakulia wapi sikukuu?
Mtongwe, nikasema, kule ng'ambo ya kivuko.
Krismasi yetu huwa tarehe ishirini na saba.
Hakusema pole.
Alinipa chupa nimshikie
mpaka alipomaliza kukamua leso yake, polepole,
kama mtu asiyedaiwa chochote na kesho.

Tarehe ishirini na saba nikavuka Likoni
na mpira mmoja uliobaki, na keki ndani ya gazeti.
Mkamburi alinirukia mlangoni,
akanichunguza kama askari wa forodha,
akachomoa kitu nyuma ya sikio langu.
Baba, hii nini?
Nikamwambia, theluji.

Akaionja.