Uzito wa Pakiti ya Unga

Mwezi wa nne huu nainua pakiti ya unga
dirishani, ghorofa ya tatu, Pangani,
kilo mbili, kiwiko kimebanwa ubavuni,
nahesabu hadi sitini, nashusha, napumua.
Mama Achola wa ng'ambo anadhani nimeingia dini mpya.
Napima tu kama mkono utastahimili.

Dhiren wa Mtaa wa Biashara ndiye aliyenipa kipimo:
bodi na lenzi, ukivifunga pamoja, ni unga mtupu.
"Tofauti," akasema, "unga ukikushinda kuubeba, utaula."

Nina laki moja na elfu themanini.
Zote zimetoka usoni mwa watu:
miaka sita ya picha za pasipoti, Ngara,
nyuma peupe, masikio yote mawili yaonekane,
kidevu juu kidogo, hapo hapo, usicheke.
Nimewaambia watu wangapi wasicheke?
Sasa namtaka asiyekaa akiambiwa kaa.

Pesa zina njia mbili, na njia mbili zilimshinda fisi.

Ya kwanza ni bodi mpya
inayolitambua jicho la ndege kabla yangu,
picha ishirini kwa sekunde, kimya kama paka;
lakini salio lingeninunulia lenzi fupi tu,
na mdiria wa ng'ambo ya bwawa angebaki
tone la wino kwenye daftari la mtoto.

Ya pili ni bodi kuukuu ya mpiga picha za harusi,
mpira umebanduka pale kidole gumba kinaposhika,
shata imekwisha kulia mara laki mbili kwa ajili ya keki,
na mbele yake lenzi ya milimita mia nne,
ndefu, nyeupe, imechubuka shingoni kama punda wa maji.

"Bodi ni sare ya shule," Dhiren akasema,
"miaka mitatu, imekubana. Kioo hakizeeki."
Hajawahi kumtazama ndege hata mmoja kwa hiari.
Alisema kweli, na alikuwa akiuza.
Binamu yangu Kerubo akasema: nunua kochi.
Ndege, akasema, unawaona bure.
Naye alisema kweli.

Nikaomba kuijaribu mlangoni pa duka.
Juu ya mlingoti wa antena, mwewe,
kakamata karatasi ya chipsi, anaikagua kama risiti.
Nikazungusha pete. Ukungu, ukungu, kisha jicho:
kahawia, kavu, limenishika.
Alinitazama ninavyowatazama wateja wangu,
ila yeye hana masikio ya kuonyesha
na hakuna aliyemkataza kucheka.
Nikalipia ile kuukuu. Simu ikaguna: pesa zimekwenda.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Arboretamu,
umande umepanda hadi magotini.
Nimesimama kama mteja niliyemwamuru mwenyewe.
Mbali kabisa, hakuna kitu.
Karibu, kwenye mshubiri uliofika kiunoni pangu,
chozi: kijani cha chupa, kifua chekundu,
mdomo ndani ya ua kama anayenong'ona deni.
Nikainua. Mkono haukutetemeka, unga umefanya kazi.
Lenzi ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda, ikakataa.
Chini ya mita tatu na nusu haioni.
Miaka sita nimeweka akiba ninunue umbali,
na ndege nusura anitue begani.
Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili,
ya tatu ndani ya mtaro,
na chozi akanitoka.
Akanitoka, si likanitoka; andika vizuri.

Picha ninayo. Mshubiri, wazi hadi kwenye vumbi la chavua,
isipokuwa ua moja, lenye ukungu,
linalotikisika bado.