Penye Nyama Hai

Shomari wa kucha hupita Mapipa saa nne asubuhi,
kikapu cha plastiki mkononi, chupa zikigongana
kama mtu anayehesabu sarafu za mwenzake.
Haiti wateja. Chupa ndizo mdomo wake.

Mimi nasahihisha vitabu, nalipwa kwa ukurasa,
nakaa barazani na kamusi mbili, moja haina jalada,
na siku ile nilikwama kwenye kijineno cha Kiingereza,
kwiki,
ambacho mtoto wa chekechea angenitafsiria: haraka.
Ila mwandishi kasema mtu alitafuna kucha zake
hadi kwenye kwiki.
Kidoleni haraka inakaa wapi?

Shomari akanishika mkono, akasukuma ngozi kwa kijiti,
nikaruka.
"Samahani, dada. Nimegusa penye nyama hai."

Kumbe.
Nikarudi kwenye ile kamusi tupu, herufi kama sisimizi:
zamani sana, kwa wenyewe Waingereza,
kwiki haikuwa mwendo, ilikuwa uhai.
Wazima na wafu: kwiki ndio wale wazima.
Zebaki waliiita fedha iliyo hai,
maana ukiishika haishikiki.
Halafu wakaona kilicho hai hakitulii,
neno likaanza kukimbia, likakimbia,
na uhai likausahau chini ya ukucha
kama mpangaji aliyehama akaacha mkeka.

Nikamsimulia. Akapuliza kidole changu kikauke.
"Na haya ya kwetu?"
Nikamwambia haraka ilitoka Uarabuni, ni kujongea tu,
kwa maana ile hata konokono ana haraka.
Hima ni nia iliyojifunga kibwebwe.
Upesi na wepesi ni tumbo moja,
anayewahi ni yule asiye na mzigo.
"Na fasta?"
Fasta nilimwachia mwenyewe.
Akafikiri. "Fasta ni mteja atakayelipa nusu."

Jumanne usiku mama aliishiwa pumzi.
Muhimbili, Sista Nakijwa akambana kidole na kile kibanio
kinachosoma hewa ndani ya damu. Kikagoma.
Mama alikuwa na rangi ya zambarau, mikono miwili, mikoti miwili,
kazi ya Shomari ya Ijumaa.
"Itoeni hiyo rangi. Upesi."

Saa saba usiku asetoni utainunua wapi?
Nikapiga simu. Akaja na bodaboda kutoka Kigogo,
kikapu kifuani, chupa zikilia ngazi zote.
Mlinzi akamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.
"Sikuja kuona," akasema Shomari, "nimekuja kufuta."

Alifuta vyote kumi, japo kimoja kingetosha.
Akafuta bila kusema, bila kutetemeka,
na sijawahi kuona mtu anayekimbia
akiwa ameinama pale pale.
Pamba za zambarau zikajaa kibakuli cha bati.

Sista hakurudisha kibanio kwanza.
Aliminya ukucha wa kidole cha kati.
Ukawa mweupe, mweupe kama pambizo ya ukurasa.
Akauachia.
Mimi nikahesabu kwa sauti, sijui kwa nini:
moja

na wekundu ukapanda kutoka shinani,
taratibu kwa macho yangu, lakini Sista akasema,
"Unarudi upesi. Vizuri."

Shomari alikuwa anafunga chupa zake.
Alinitazama mara moja tu, akainua kidole chake mwenyewe,
akakiminya.

Alfajiri nilifungua kurasa zangu kwenye benchi la nje.
Pale penye kwiki niliandika: penye nyama hai.
Nikakata. Nikaandika tena.
Mpiga chapa alishapiga simu mara tatu,
haraka, anasema, mashine imewashwa, watu wanangoja.
Na mama, mpira wa hewa puani, kucha zikiwa uchi,
anataka kujua rangi yake
itarudishwa lini.